Migomba Tisa Mbele ya Gari la Shangazi

Mwalimu Safina wa sekondari amenijia mara nne kwa jambo hili. Mara ya kwanza nilimwambia mgongo unauma. Mara ya pili nilimwambia nimesahau kila kitu. Mara ya tatu nilijificha kwenye miti ya kahawa, nikamsikia anamuuliza mume wangu, "Babu, bibi yuko wapi?" na mzee huyo asiyejua kutunza siri akamwonyesha kwa kidole. Mwalimu anakusanya maisha ya wazee wa Ijumbi ili yachapwe kitabu. Nikamuuliza, anataka maisha gani? Akasema, "Bibi, tueleze zamani mlivyokuwa mnaishi. Mlivyotwanga, mlivyochota maji."

Nikamwambia maji tulichota kwa mtungi, tukayaleta nyumbani, tukayanywa. Basi, hiyo imekwisha. Kama unataka maisha yangu, maisha yangu ni gari. Kama hutaki, maliza kutafuna akamwani wako, hiyo kahawa niliyokukaribishia, shika mkoba uende.

Hakuenda. Kwa hiyo naandika mwenyewe, polepole, kwa sababu nikimsimulia yeye ataandika kwa adabu na kila mtu atatoka mzuri.

Mimi ni Benigna Kokushubila. Nimezaliwa hapa hapa Muleba, nimeolewa Ijumbi, na nitazikwa Ijumbi, ila si leo. Gari langu ni Datsun ya mwaka sabini na moja, ya milango miwili na viti viwili, pua ndefu, mgongo umeinama kama paka anayenyemelea. Rangi yake ni ya ndizi iliyoiva vizuri. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia, halikutengenezwa kwa ajili ya kubeba mkungu wala mgonjwa wala kwaya. Watu wananiuliza miaka yote, "Sasa lina faida gani?" Nami nawauliza, tai ya mume wako ina faida gani?

Lilikuwa la Shangazi Edvina, dada wa baba yangu. Yeye alikwenda Kampala akiwa msichana, na yaliyompeleka huko watu wa huku waliyasema wakiwa wamefunika midomo. Wasemaji hao hao alipowaletea mabati waliyapokea kwa mikono miwili. Alikuwa na hoteli ya chakula kule. Mwaka sabini na mbili alirudi akiendesha mwenyewe, kitambaa kichwani, miwani myeusi, akanunua kibanja, shamba la migomba na kahawa, kwa jina lake juu ya Kemondo, mahali unapoona meli zikiingia. Wanawake waliotoka mijini walikuwa wakinunua vibanja, hilo halikuwa geni. Gari ndilo lilikuwa geni.

Wasichana wote wa ukoo walipandishwa kwa zamu. Ile barabara ya Bukoba ilikuwa ya vumbi na kona, na wote walipofika kwenye kona walipiga kelele na kumwita Bikira Maria. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto mmoja, Wilbert. Tulipofika kwenye kona nilisema, "Shangazi, ongeza."

Kwa neno hilo nililipata gari. Mwaka sabini na saba alipoona anakwenda, aliita mashahidi kitandani. Kibanja akawapa kaka zake. Gari akasema ni la Kokushubila, na mtu asiliguse. Baba yangu akauliza kwa nini. Akamjibu, "Wengine wote waliniambia nipunguze."

Sasa nimlete mume wangu, maana bila yeye habari haiendi. Anaitwa Onesphory. Ni mtu mwema. Kila mtu atakwambia ni mtu mwema, hata kabla hujauliza, na hiyo ni taabu kubwa kwa mke. Gari lilipoletwa alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, akasema, "Ni lako. Mimi usinipandishe." Na hajapanda, mpaka leo ninapoandika.

Yeye ni mtu wa enanga. Wewe mtoto wa siku hizi kama huijui, ni mti uliochongwa mfano wa sinia refu, nyuzi zimevutwa juu yake, mtu anaipakata na kuipiga huku akisimulia habari za watu waliokufa kabla babu yako hajazaliwa. Wimbo mmoja unaanza nikiwa nabandika maharage, na unaisha yameungua. Onesphory anaipenda kuliko chakula. Na haikumtosha kupiga yake. Kila mpiga enanga alipokufa, kuanzia hapa mpaka Kamachumu, yeye alikwenda kwenye msiba akarudi na enanga ya marehemu. Watoto wa marehemu walimpa bure, wangeitia jikoni vinginevyo. Zikafika kumi na moja.

"Una mikono mingapi?" nilimuuliza.

"Hujui unachosema, Mama Wilbert. Kila moja ina sauti yake."

"Zote zinalia kama mbuzi aliyefungwa mvuani."

"Na hayo magitaa yako? Mtu anarudia neno moja mara hamsini. Mpenzi, mpenzi, mpenzi. Huyo mpenzi ni kiziwi?"

Maana mimi ni mtu wa dansi. Magitaa matatu yanayofukuzana, na tarumbeta ikiingia baadaye. Fundi Buberwa wa Rwamishenye alinifungia redio ya kaseti ndani ya gari, nami nilikuwa na kaseti sanduku zima. Nikiendesha, kidole kinagonga usukani. Padri mmoja aliniambia huo ni muziki wa baa. Nilimwambia, "Padri, umeujuaje?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mtu na kelele yake. Vita ya Amin ilipokuja na magari yakachukuliwa kwenda kubeba askari, afisa mmoja alichungulia langu akauliza, "Hili linabeba watu wangapi?" Nikasema wawili, tena wembamba. Akacheka, akaenda zake. Miaka ya shida ya mafuta lilikaa juu ya mawe, nikawa nalifuta vumbi kama mtu anavyomwogesha mgonjwa. Mafuta yaliporudi, likashuka. Nimelipeleka Bukoba, nimelipeleka Biharamulo, nimelipeleka kwenye harusi ya Wilbert, nikafika kabla ya bibi harusi. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikwenda Kemondo na kurudi, bila shughuli yoyote. Watu wakiuliza nimefuata nini, nasema nimefuata kona.

Linalala kwenye banda la matofali tulilojenga kwa ajili ya kahawa, wakati kahawa ilipokuwa na maana. Ndilo jengo pekee kwetu ambalo mchwa hawaingii, sakafu yake ni ya zege. Kumbuka hapo, kwa sababu ugomvi wote ulitoka kwenye sakafu hiyo.

Mwaka juzi mchwa walikula enanga moja. Onesphory alikuwa ameziweka chumba cha nyuma, chenye sakafu ya udongo. Aliinyanyua ile iliyokuwa nzuri kuliko zote, ya marehemu mmoja wa Kamachumu, upande wa chini ukabaki ukutani kama unga. Nilimwona mume wangu analia. Sitasema hakulia. Alikaa na kile kipande mapajani siku nzima.

Jioni akasema, "Nataka banda."

"Banda lina gari."

"Gari ni chuma. Mchwa hawali chuma. Likae nje."

"Likae nje linyeshewe, liliwe na kutu? Chuma nacho kina mchwa wake, Baba Wilbert."

"Enanga zimekuwapo tangu wafalme."

"Basi zimekwisha kukaa sana."

Hilo la mwisho lilikuwa baya. Nalijua. Lilikuwa limeshatoka.

Ndipo akaja Ildefons. Huyu ni Mhaya wa jina, baba yake alitoka Kashasha, lakini amezaliwa na kukulia Dar es Salaam na ana shughuli zake huko. Alikuja kwa Dastan, shemeji yangu, mdogo wa Onesphory, ambaye ukoo ulimchagua kuwa msemaji wake kwa sababu ana sauti kubwa. Ildefons alikuwa amesikia habari za gari. Nilimfungulia banda, nikampa hata kiti. Alilizunguka, akachuchumaa, akalipapasa mlango, macho yakamtoka. Nikasema moyoni, huyu anajua.

"Mama, mimi ni mkusanyaji," akaniambia. "Nina kumi na manne. Yote ya mashindano, yote ya zamani. Hili ndilo ninalokosa."

"Unayaendesha lini, Jumapili?"

"Hapana, hayatembei! Ukiyaendesha yanachakaa. Nimeyajengea ukumbi, kuna kiyoyozi, kuna taa za kuyamulika. Watu wanakuja wanayatazama."

"Kumi na manne, na hakuna hata moja linalotoka?"

"Ndiyo thamani yake, mama."

Nilifunga banda. Nilimwambia gari haliuzwi, nikampa ndizi za kula njiani, nikadhani imekwisha. Mtu anayefuga farasi kumi na wanne na hawapandi, huyo ana makaburi mazuri, hana farasi.

Lakini mwezi wa tisa nilikwenda Rwamishenye kumzika binamu yangu, nikalala huko siku tatu. Niliporudi nikakuta nyumba ina furaha. Onesphory amenyoa ndevu. Dastan yuko sebuleni, amekaa kwenye kiti changu. Kibuyu cha olubisi kiko mezani kimekwisha.

"Mke wangu," akasema Onesphory, "usikasirike kwanza."

Mtu akianza hivyo, kasirika kwanza.

Walikuwa wamekunywa. Nieleze kwa wasiojua: kwetu kitu kikubwa kinapobadilisha mwenyewe, kibanja au ng'ombe, hakibadiliki kwa karatasi tu. Inaletwa olubisi, pombe ya ndizi, mwenye mali anaonja, mnunuzi anaonja, mashahidi wanaonja, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hakuona. Ildefons alileta pombe. Onesphory alionja. Hawakuzungumza habari ya fedha hata kidogo: Ildefons atachukua gari, na badala yake atamkarabatia Onesphory lile banda, aweke rafu, vioo na dari, liwe nyumba ya enanga, na ataandika jina la Onesphory mlangoni. Lori la kubebea magari litakuja mwezi wa sita, mvua zote zikiisha, maana njia yetu ya kuingilia mvua ikinyesha hata pikipiki zinalala.

"Gari ni la mkeo au lako?" nilimuuliza Onesphory.

Dastan ndiye aliyejibu. "Shemeji, mali ya mke iko ndani ya nyumba ya mume. Na nyumba iko ndani ya kibanja cha ukoo. Hilo hata mtoto analijua."

"Nilikuwa namuuliza mwenye nyumba, sikumuuliza mwenye sauti."

Onesphory alitazama chini. "Koku, wewe una miaka sabini na sita. Utaliendesha mpaka lini?"

Nilichukua kibuyu, nikakiosha, nikakiweka mahali pake. Dastan alimkonyeza kaka yake, kwamba unaona, amekubali. Mimi nilikuwa nafikiri.

Kesho yake mvua za vuli zilianza. Nilikwenda shambani kwa jirani yangu Agnetha, nikamwomba machipukizi ya migomba ya nshakala, yale makubwa, yanayonifika begani. Tisa. Nikayabeba moja moja. Nikachimba mashimo kwenye njia ya gari, kuanzia mlango wa banda mpaka kwenye barabara, zigizaga, ili hata mkokoteni usipite.

Onesphory akaja akasimama na fimbo yake. "Unapanda njiani?"

"Gari mmeshaliuza. Njia ya nini?"

Akaifikiria. Nakwambia kweli, niliona uso wake unavyofunguka kwa furaha. "Umefanya vizuri," akasema. "Ardhi ile ilikuwa inakaa bure." Kisha akainama akatazama shimo. "Umechimba fupi. Na hii ni aina gani?"

"Nshakala."

"Nshakala inataka samadi nyingi."

Na akaileta. Mume wangu mwenyewe, kwa toroli, samadi ya ng'ombe wetu, migomba yote tisa. Akaleta na nyasi za kutandaza. Mhaya ukimpandia mgomba mbele ya mlango wake, haulizi atatokaje, anauliza ni wa aina gani. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anaipitia kila asubuhi kabla ya chai. Mwezi wa tatu alimwita Dastan aje aone ilivyostawi. Dastan akaiona, akaisifu. Wanaume wawili wazima wamesimama katikati ya migomba wakisifu majani, na nyuma yao banda, na ndani ya banda gari. Mimi nikawaletea uji.

Lori lilikuja Ijumaa moja ya mwezi wa sita, asubuhi, kubwa mpaka likavunja matawi ya kahawa ya Agnetha. Ildefons alishuka na viatu vyeupe. Dastan alikuwa amevaa koti. Majirani wakaja, na Rugemalira, aliyekuwa shahidi wa pombe, akaja pia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, namenya ndizi.

Ildefons alitazama banda. Akatazama migomba. Akarudi nyuma hatua mbili akatazama tena.

"Mzee Onesphory, gari linatokea wapi?"

Mume wangu alifungua mdomo. Nikamwona anahesabu kwa macho, polepole, mpaka ya tisa. Yote ilikuwa imezaa. Mikungu ilikuwa michanga, vidole vimekunjamana bado, ua jekundu linaning'inia chini. Akageuka.

"Koku."

"Nakusikia, Baba Wilbert."

"Migomba hii."

"Samadi yako ni nzuri sana."

Agnetha akacheka mpaka akashika ukuta. Ildefons hakuelewa kinachochekesha. "Mama, migomba si tatizo," akasema. "Nitafidia yote. Vijana, tuna panga? Tunakata, dakika tano tumemaliza."

Hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba jina lake ni la kwetu, lakini yeye mwenyewe ametokea kwingine. Mgomba unakatwa ukishakupa mkungu uliokomaa. Ukiukata na mkungu mchanga, hukukata mti, umekata mlo wa mtu ukiwa njiani unakuja. Zamani mtu alipofukuzwa asirudi tena, nyumba yake haikuchomwa, migomba yake ndiyo iliyofyekwa. Mpaka leo, mtu akiona migomba yenye mikungu michanga imelala kibanjani anauliza, huyu amefanyiwa uadui na nani?

"Tubomoe ukuta wa nyuma basi," Ildefons akasema.

"Nyuma amelala baba yangu na mama yangu," akasema Onesphory.

Dastan akachukua panga. "Mimi ni msemaji wa ukoo. Ardhi ni ya ukoo. Nakata."

Nikaweka kisu changu chini, nikasimama, nikaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza. Sikuukumbatia kama wanavyosimulia sasa. Nilisimama pembeni nikampisha.

"Kata, shemeji. Anza na huu, ndio wenye mkungu mzuri. Kata watu wote wakuone. Kesho ukiulizwa kanisani nani amefyeka migomba ya kaka yake akiwa hai, useme ni mimi Dastan, nilikuwa namsaidia mtu wa Dar es Salaam kubeba gari la mwanamke."

Alinyanyua panga. Kweli alilinyanyua. Na aliyesema hakuwa mimi.

"Dastan," akasema Onesphory. "Weka chini."

"Kaka, tumekunywa pombe ya mtu!"

"Weka chini. Kwangu haukatwi mgomba wenye mkungu mchanga."

Sitaki mwalimu Safina aweke hapo kwamba mume wangu alinitetea. Hakunitetea. Alitetea ndizi.

Ildefons sasa alikuwa amekasirika. "Lakini mlikunywa! Makubaliano ni makubaliano."

"Walikunywa," nikasema. "Rugemalira, ulikuwepo. Mwenye mali ndiye anayeonja kwanza. Ulimwona nani?"

Rugemalira akajikuna shingo. "Mzee Onesphory."

"Na gari ni la nani?"

Akamtazama Dastan, akanitazama mimi, akatazama miguu yake. "La Edvina," akasema. "Yaani, lako."

"Basi mlikunywa pombe. Ilikuwa tamu?"

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichomshinda Dastan. Panga alikuwa ameliacha, lakini fimbo alikuwa nayo, akaivurumisha upande wa banda bila kutazama. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia sauti ya kitu kinavunjika, nikajua kabla sijaona. Taa ya nyuma, ya kushoto. Vipande vyekundu vilitapakaa kwenye zege.

Hakuna aliyecheka tena. Dastan mwenyewe alishtuka. Ildefons alikimbia akapiga magoti kwenye vile vipande, akaviokota kimoja kimoja kama anaokota meno ya mtoto wake, na nitasema ukweli hata kama simpendi: alisikitika kuliko wote. "Hii haipatikani," akasema. "Mama, taa hii haitengenezwi tena." Akanikabidhi vipande kwenye kitambaa chake. Halafu akaingia kwenye lori akaondoka.

Onesphory enanga zake alizihamishia jikoni kwangu, akazining'iniza darini juu ya moto, maana moshi unafukuza wadudu. Zote kumi. Nilimwambia akitaka, kiti cha pili cha gari kiko wazi, na chuma hakiliwi, aziweke humo. Akasema, "Enanga si abiria." Basi nikipika zinanitazama. Moshi wangu ndio unaozitunza na hajashukuru.

Lakini alilipiza kisasi. Jumapili moja niliingia bandani kuwasha injini, kama nilivyofanya kila Jumapili tangu nilipopanda, maana injini isipowashwa inakufa. Nikaweka kaseti. Nikakaa nyuma ya usukani, magitaa yanalia, gari linatetemeka, na mbele hakuna pa kwenda wala nyuma. Yeye akaja akasimama mlangoni.

"Sasa," akasema, "wewe na Ildefons mna tofauti gani?"

Nilizima kaseti. Miezi tisa nilikuwa nimelilinda gari kwa kulifungia. Yule ana ukumbi wenye taa, mimi nina banda lenye migomba, na la kwangu lilikuwa halitembei kama ya kwake.

Usiku huo niliamua. Mkungu ukikomaa unakatwa, na mgomba wake unakatwa pamoja nao. Hiyo ni sheria, na sheria ile ile iliyofunga njia itaifungua. Nikasubiri. Nilikuwa naibonyeza vidole kila siku kuliko hata Onesphory. Mwezi wa kumi, mkungu wa kwanza ukawa tayari, nikaukata mwenyewe, nikaangusha mgomba, nikang'oa na machipukizi yake. Kisha wa pili. Onesphory alikasirikia machipukizi. "Angalau acha moja kila shina!" Nikamwambia ayapande kwa Dastan, ana nafasi kubwa na njia ndogo. Mikungu niligawa: Agnetha, Rugemalira, kanisani. Na mmoja, mkubwa kuliko yote, nilimpelekea Dastan mpaka mlangoni. Aliupokea bila kunitazama.

Wa tisa niliukata Jumamosi. Jumapili nililitoa gari kinyumenyume, nikipita katikati ya visiki, shingo imegeuka mpaka ikalia. Onesphory alikuwa ameshatangulia kwenda misani kwa pikipiki, amevaa tai. Nilimkuta kwenye mlima. Dereva wake aliposikia muungurumo nyuma yake alisogea pembeni mwenyewe. Nilipiga honi mara moja, tena fupi. Mume wangu alitazama mbele kama askari, lakini kofia yake aliishika.

Sikuishia kanisani. Nilikwenda Kemondo. Kwenye kona niliongeza.

Pale chini karibu na bandari trafiki akanyoosha mkono. Kijana mpole. Akatazama leseni, akanitazama, akatazama leseni tena. Akazunguka nyuma.

"Bibi, taa ya kushoto haipo."

"Najua haipo."

"Siku nyingine nikikukuta bila taa hiyo nitalizuia hapa."

"Ukilizuia, nitakaa ndani yake."

Akacheka, akanipisha. Lakini nilimwona ameandika namba kwenye kijitabu chake, na siku nyingine huenda asicheke. Sikupigana na ukoo mzima, na pombe yao, na lori lao, ili gari likamatwe kwa kipande cha plastiki. Fundi Buberwa ameunganisha vile vipande kwa gundi, lakini vimedondoka njiani, Muhutwe.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nimekupa maisha yangu bila kukuficha hata pale nilipokosea, na sikukuomba uyasome. Sitaki uniambie hongera, wala usije kupiga nami picha. Nenda kwenye banda la baba yako, nenda kwa wauza spea wa mtaani kwenu, fungua yale maboksi ambayo hakuna anayejua yana nini. Taa ya nyuma ya kushoto, Datsun ya viti viwili, mwaka sabini na moja, nyekundu. Ukiipata, ilete Ijumbi, ulizia gari la Edvina. Na njoo kabla ya Jumapili.